Vidonge Kumi na Vinne vya Shangazi

Nyumbani kwetu Tanga mtu akiugua huuguzwa na nyumba nzima. Anayepita mlangoni ana neno lake, anayeketi barazani ana mzizi anaoujua, na hata mtoto aliyetumwa dukani hurudi na ushauri wa muuza duka. Mimi uuguzaji wa namna hii naupenda na sitaki ufe. Lakini antibiotiki ni dawa isiyopenda mikono mingi, na wiki ile Shangazi alipolala kwetu na pakiti ya vidonge kumi na vinne, kila mkono uliomgusa ulimgusa kwa mapenzi, na nusura mapenzi hayo yamwondoe duniani.

Aliletwa kutoka Pangani siku ya Jumatatu, amejifunika khanga mbili na jua linawaka. Alikuwa na homa, anatetemeka, na ubavu wa kulia ukimuuma kiasi kwamba hakuweza kuketi wima. Kwa siku kadhaa huko kwake alikuwa akienda chooni kila mara na mkojo ukimchoma, akanyamaza, kama wanavyonyamaza kinamama wengi wa umri wake. Ana miaka 67. Hospitali walimpima mkojo, wakamwambia UTI imeshapanda kwenye figo, wakachukua mkojo mwingine wa kuoteshwa maabara ili bakteria ajulikane kwa jina na dawa inayomuua ijulikane pia. Majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa, na figo lenye maambukizi halisubiri. Basi wakamwandikia siprofloksasini ya miligramu 500, kidonge kimoja kila baada ya saa 12, kwa siku 7.

Kwenye dirisha la dawa msongamano ulikuwa mkubwa. Pakiti ikatiwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, juu yake ikaandikwa "1x2", na sauti kutoka ndani ikasema, "Mama, umalize dozi." Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine. Naye hakusema, kwa sababu kadi yake ya kliniki ya sukari iliachwa Pangani, na kwa Shangazi mambo ya kliniki ya sukari huishia kliniki ya sukari. Uliokwenda kutibiwa siku ile ni mkojo.

Kidonge chenyewe ni cheupe, kirefu, kina mstari katikati, na ukikiacha ulimini sekunde moja zaidi ya inavyopasa kinakuachia uchungu unaoshuka mpaka kooni. Mama alikipima kwa jicho. Yeye na Shangazi ni mawifi waliopendana tangu ujana, wamezaliana na kuzikiana. Akasema dawa ya ukubwa huu haiwezi kuingia kwenye tumbo la mtu asiyekula, itamchoma. Akachemsha maziwa, akayapooza kwa kuyamimina kutoka kikombe hadi kikombe, akampa. Saa mbili usiku Shangazi akameza kidonge cha kwanza kwa maziwa ya uvuguvugu. Kabla hajalala akafungua mkoba wake, akatoa vidonge viwili vya kiungulia, vile vya kutafuna vyenye harufu ya mnanaa, akatafuna taratibu huku akisoma dua zake. Hufanya hivyo kila baada ya chakula, miaka nenda rudi. Kwake vile si dawa, ni sehemu ya kulala.

Jumanne homa haikushuka. Usiku wake ikapanda. Jumatano asubuhi Shangazi alikuwa anauma meno kwa baridi, na baraza la nyumba likaketi.

Jirani wa nyumba ya pili alisema dozi ni ndogo kwa mwili wa Shangazi, apewe viwili viwili. Mama alisema labda dawa ni bandia. Mjomba, ambaye hana subira na vidonge tangu alipoumwa na mbwa akachomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa akasalimika, alisema mgonjwa wa namna hii huchomwa sindano, na yupo mtu anayemjua mwenye duka atakayekuja kuchoma pale pale nyumbani. Katikati ya maneno hayo Mama akachukua pakiti na kuanza kuhesabu kwa kidole, akipapasa matundu ya karatasi ya fedha. Toka Jumatatu usiku vilikuwa vimemezwa vinne. Vilipaswa kubaki kumi. Vilibaki vinane.

Aliyevichukua alikuwa sebuleni, anapiga chafya. Mdogo wangu wa mwisho ana mtihani chuoni, mafua yalimbana, akaona dawa kali ipo kabatini, akameza kimoja Jumanne asubuhi na kingine jioni. Alijitetea kwamba amepata nafuu. Na kweli alikuwa na nafuu, maana mafua huletwa na virusi, na virusi vya mafua huchoka vyenyewe baada ya siku kadhaa, umeze kitu au usimeze. Hapo ndipo sifa nyingi za uongo za antibiotiki huzaliwa: mtu humeza siku ambayo ugonjwa tayari unaaga, kisha hukipa kidonge shukrani. Alichofanya kidonge kile ni kuwaua bakteria wema wa tumboni mwake na kuwaacha hai wale walioweza kukihimili.

Mjomba aliondoka mchana kwenda hospitali, amekunja ngumi, kudai sindano. Alirudi jioni akiwa mtu mwingine. Zamu ya dirishani ilikuwa ya mfamasia kijana aliyemsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja: mgonjwa anameza dawa hii na nini? Mjomba akataja maziwa. Na kingine? Mjomba, mtu wa kuangalia kila kitu, akakumbuka harufu ya mnanaa.

Yule kijana alimweleza jambo ambalo natamani lingeandikwa kwenye kila bahasha ya dawa hii. Maziwa yana madini ya kalsiamu. Vidonge vya kiungulia vina magnesiamu na alumini. Siprofloksasini ikikutana na madini hayo tumboni hushikana nayo, na kinachoshikana hivyo hakipenyi ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Hupita na kutoka. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma hufanya vivyo hivyo, na vya zinki pia. Maziwa hupunguza kiasi kinachoingia, lakini vidonge vya kiungulia huzuia sehemu kubwa kabisa. Shangazi alikuwa anameza dawa asubuhi na jioni, na kwenye figo lake ilikuwa inafika kidogo mno. Bakteria waliokuwa wakijigawa mle ndani waliipata kwa kiwango cha kuwakera tu. Kumzidishia, alisema yule kijana, kungekuwa hatari, na kumchoma sindano na mtu wa duka kungekuwa hatari zaidi. Ameze kwa maji, bilauri nzima, na maji mengi mchana kutwa. Vya kiungulia, kama hana budi, akae saa mbili baada ya kumeza sipro ndipo atafune. Na akishatafuna, saa sita zipite kabla ya sipro nyingine. Vile viwili vilivyopotea waje na cheti Jumamosi vifidiwe, na huyo mwanafunzi aambiwe.

Akauliza pia kama mgonjwa ana dawa nyingine yoyote anayotumia. Mjomba ni kaka yake Mama. Kwa Shangazi ni mtu wa heshima na salamu, si wa kuambiana magonjwa. Akajibu hana.

Jumatano usiku maziwa yakaondoka, bilauri ya maji ikaingia. Alhamisi magharibi homa ikaanza kushuka. Ijumaa Shangazi aliketi wima, akataka kuchana nywele, akawauliza habari watu aliokuwa hawatambui Jumanne. Nyumba ilijaa furaha. Mjomba alisimulia kisa cha madini kwa kila aliyeingia, na alikisimulia vizuri. Kitu kimoja hakikuwa sawa, nacho kilionekana kidogo: chakula. Uji alikunywa nusu kikombe, wali aliugusa kwa vidole, samaki akasema ananuka. Tukasema ndivyo alivyo mtu anayetoka kwenye homa.

Usiku wa kuamkia Jumamosi Mama aliniamsha. Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, khanga imelowa chapachapa, mikono inatetemeka, anaongea na mumewe aliyefariki zamani, anamtaka afunge mlango wa uani. Ukimwita anakutazama, lakini haoni anayemtazama. Jirani alikwishasikia sauti, akaja na rai kwamba aitwe mwalimu asome, kwani haya si ya hospitali tena. Wala sitamlaumu. Mtu anayeongea na wafu saa tisa za usiku hutisha, na kisomo ni faraja yetu.

Mama aliweka kiganja shingoni kwa Shangazi. Ngozi ilikuwa ya baridi. Jasho la homa huwa la moto, hili lilikuwa jasho baridi, na Mama, aliyemuuguza baba yake mwenye kisukari, alilijua kwa mkono kabla hajalijua kwa akili. Akauliza kwa sauti, "Jamani, huyu si ana sukari?" Nikafungua mkoba. Chini ya tasbihi na kitambaa cha nauli kulikuwa na kopo dogo la glibenklamidi. Alikuwa akimeza kila asubuhi kabla ya chai, siku zote hizo, kama alivyoelekezwa miaka iliyopita.

Kwa kuwa alikuwa ameketi na anaweza kumeza, Mama alikoroga vijiko vya sukari kwenye maji akamnywesha kwa funda ndogo ndogo. Angekuwa amezimia, kumtilia kitu mdomoni kungempalia. Bajaji ya kijana wa mtaa wa nyuma ilitufikisha hospitali. Walimtoboa kidole, kipimo cha sukari kikasoma 2.4, na kikishuka chini ya 4 kwa mtu anayetumia dawa ya sukari tayari ni hatari. Wakamtundikia glukosi. Ndani ya muda mfupi akamtambua Mama, akamuuliza kwa nini amevaa buibui kinyumenyume.

Daktari wa zamu hakumruhusu kurudi asubuhi ile, na sababu aliitoa kwa utulivu mbele yetu sote. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kumwaga insulini. Siprofloksasini huweza kuongeza nguvu hiyo, hasa kwa wazee. Mgonjwa alikuwa hali, hivyo hapakuwa na sukari mpya ya kuingia, na figo lake lililougua lilikuwa halitoi dawa mwilini kwa kasi ya kawaida. Dawa hiyo ya kisukari hukaa mwilini muda mrefu. Ukimpandisha sukari saa kumi alfajiri anaweza kushuka tena saa nne asubuhi, amelala, watu wakidhani anapumzika. Maana yake, siku mbili za kwanza, maziwa na vidonge vya mnanaa vilipoizuia sipro isiingie, viliizuia pia isikutane na dawa ya sukari. Tulipoondoa kizuizi kimoja, hatari nyingine ikapata njia. Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliondoka kwenda nje, akakaa huko muda mrefu. Hakuwa na kosa. Aliulizwa kuhusu mkoba ambao hana haki ya kuufungua.

Nimekasirika kuhusu hili, na hasira yangu haiko kwa familia. Dawa hii ina maonyo yanayojulikana dunia nzima. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza jamii yake yote iwekewe onyo kali kuhusu kano za mwili, hasa ule ukano mnene ulio juu ya kisigino, ambao unaweza kuvimba hata kukatika, na wenye zaidi ya miaka 60 wamo hatarini zaidi kuliko vijana. Mwaka 2016 wakashauri isitumiwe kwa maambukizi madogo ya mkojo pale penye dawa nyingine. Maambukizi ya Shangazi hayakuwa madogo, na daktari wa Jumatatu hakukosea kuiandika. Ila mtu mwenye miaka 67 anapokabidhiwa kidonge hiki, swali la "unatumia nini kingine?" ni sehemu ya dawa yenyewe, na linachukua muda mfupi kuliko kuandika bahasha. Daktari wa Jumamosi aliuliza. Kisha akainama miguuni, akambana Shangazi nyuma ya kisigino, kushoto na kulia, akimwambia aseme kama panauma. Hapakuuma.

Majibu ya kuotesha yalikuwa yametoka: bakteria ni E. coli, yule yule anayeishi matumboni mwetu na kuleta UTI nyingi, na alikuwa anauawa na siprofloksasini na pia na dawa ya jamii nyingine isiyochokoza sukari. Daktari akaisimamisha ya kwanza, akaandika ya pili, akaandika na siku zilizobaki. Mama aliingiwa na wasiwasi, maana kwenye bahasha tuliambiwa tumalize dozi. Akaelezwa kwamba matibabu yanaendelea mpaka siku ya mwisho, ila kidonge kimebadilishwa na mwenye kujua sababu. Mgonjwa asiyetakiwa kusimamisha ni yule anayesimamisha kwa kuwa homa imeshuka. Na anayevimba mdomo, kutokwa vipele mwili mzima, kukosa pumzi au kuumwa ukano ghafla asisubiri kumaliza chochote. Asimeze tena, arudi hospitali mara moja.

Tuliporudi nyumbani Jumapili, Mama alichukua khanga za Shangazi kuzifua. Pindoni mwa mojawapo palikuwa na fundo. Akalifungua kwa meno, akidhani ni pesa. Ndani mlikuwa na vidonge vitatu vya sipro bado vimo kwenye karatasi yake, imekatwa vizuri kwa mkasi ili pembe zisimchome.

Shangazi hakuona haya. Jirani yake wa Pangani, mwanamke anayemchotea maji kila asubuhi, ana maumivu kama yake na hana nauli ya kuja mjini. Vidonge vimelipiwa. Vitatu si haba. "Nivitupe baharini, wifi, na mwenzangu anaumwa?"

Hili ndilo swali gumu kuliko yote ya wiki ile, na wanaolijibu kwa kukemea hawajawahi kuwa na jirani. Mama aliketi naye mkekani. Hakumwambia kuhusu dunia. Alimuuliza kama anajua figo za jirani zikoje, kama ana mimba bintiye atakayegawiwa kipande, kama jirani naye hana kopo lake kwenye mkoba.

Mimi nilikuwa nikimkumbuka Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928. Alipopokea tuzo ya Nobel, Desemba 1945, dawa ile ikiwa bado changa, alisimulia kisa cha nyumbani. Bwana mmoja anaumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anameza kiasi kisichotosha kuua vijidudu bali kinachovifundisha kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haimsaidii, anakufa. Mwaka 2019, kwa hesabu ya watafiti iliyochapishwa 2022, watu milioni 1.27 walikufa duniani moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Vidonge vitatu kwa figo la jirani vingekuwa ndicho kile kiasi cha bwana yule wa Fleming: homa ingepungua siku moja, bakteria dhaifu wangekufa, na wale wagumu wangebaki na nyumba nzima kwao.

Na sisi wa pwani hatuhitaji kuambiwa na London maana ya dawa kufa. Kila mwenye umri wangu anakumbuka klorokwini, uchungu wake na ule muwasho wa viganjani na nyayoni usiku kucha. Ilitibu malaria ya wazazi wetu. Kisha vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama tiba ya kwanza. Malaria si bakteria, lakini njia ya usugu ni moja. Tena kuna udugu wa kushangaza: dawa ya kwanza ya jamii ya sipro, asidi ya nalidiksiki, ambayo George Lesher na wenzake waliitangaza Marekani mwaka 1962, ilichipuka kutoka kwenye kazi ya kutengeneza klorokwini. Nilimwambia hili Shangazi, na klorokwini ndiyo aliyoijibu. Alimzika mtoto mwaka ambao malaria ilikuwa haisikii tena dawa ile.

Alivitoa vidonge mwenyewe. Mjomba akavirudisha dirishani kwa yule kijana, na nauli ya kumleta jirani mjini akaitoa mfukoni mwake. Jirani huyo alipopimwa mkojo hakukutwa na UTI; alikuwa na tatizo jingine la mgongo, na hakupewa antibiotiki yoyote.

Dawa mpya Shangazi aliimeza mpaka siku ya mwisho, mdogo wangu akiwa ndiye mtunza saa. Siku ya kliniki ya sukari, huko Pangani, alikwenda na kikapu. Alimimina kila kitu mbele ya daktari: kopo, vidonge vya kiungulia, dawa ya macho, unga wa majani ya mwarobaini, na bahasha tupu ya hospitali ya Tanga. Daktari akavisoma kimoja kimoja, akasema glibenklamidi kwa umri wake haifai tena, akamwandikia nyingine. Shangazi hakuinuka kitini. Alitaka kwanza kujua hiyo mpya haielewani na nini, na aandikiwe kwa herufi kubwa, kwa sababu wifi yake hasomi bila miwani.